Siku ya Tatu Mpe Jembe, Lakini Jembe la Nani?



Mmetuzoea kwa habari za lesi, shela na magauni ya nikaha. Leo tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tuna jambo la kukiri, na tunaona bora tulikiri mbele yenu kuliko kulificha kwa uzuri wa maneno.

Sisi tunaoandika hapa ni mtu na wifi yake. Mmoja amezaliwa Unguja, akaletwa huku na ndoa. Mwingine ni wa huku huku, na mume wa mwenzake ni kaka yake wa tumbo moja. Tuna kibanda cha cherehani hapa Ngulyati, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Tunashona sare za shule, madera, vitambaa vya meza, na Mwenyezi Mungu akitupa bahati, nguo za harusi. Ni mkoa wa Wasukuma, wa pamba na ng'ombe. Waislamu si wengi, lakini tunaishi vizuri na majirani.

Mwaka mmoja, katika msimu wa pamba, mama mmoja alikuja kibandani baada ya Alasiri. Alikuwa na furushi moja la nguo, amelifunga kwa khanga iliyochanika. Tukamwamkia kwa heshima ya huku, "Mwangaluka, mayu," ingawa asubuhi ilishapita zamani. Akacheka kidogo, akaomba maji. Maneno yalipotoka tukajua kuwa alikuwa analala sokoni, kwenye meza za wauza nyanya, kwa wiki nyingi. Mchana alikuwa anachuma pamba kwa kibarua, na usiku anajikunja mezani na furushi lake kichwani.

Mumewe alikuwa amefariki. Hakuzaa naye. Mashemeji walisubiri matanga yaishe, wakamwambia nyumba ni ya ukoo na shamba ni la ukoo. Na yeye kwao hakuna aliyebaki. Zaidi ya hapo, macho yake yalikuwa mekundu. Dada zetu wa visiwani huenda msijue uzito wa neno hilo huku. Usukumani miti ni michache. Watu wengi hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na miti ya pamba baada ya mavuno. Moshi ule, miaka thelathini au arobaini, humwacha mwanamke na macho mekundu, na kwa miaka mingi macho hayo yamechukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Wapo kina bibi waliofukuzwa, na wapo waliouawa. Wilayani Magu shirika la MAPERECE limefanya kazi ya miaka mingi kuwatetea wazee hawa, pamoja na kujenga majiko yanayopunguza moshi. Kumbe jiko tu linaweza kumwokoa mtu asiitwe mchawi.

Basi tukamchukua. Tulikuwa na chumba cha uani tulichokuwa tunawekea majora ya vitambaa. Kina mlango wake wa nje, na hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu mwanamume wa nyumba si maharimu wake na hatukutaka mtu yeyote akose stara, si yeye wala sisi. Tukaomba ridhaa ya mume, akaridhia. Kesho yake tukaenda kumtaarifu mwenyekiti wa kitongoji, ili isije ikasemwa tumeficha mtu. Tukampeleka kwenye matibabu ya macho. Hakuulizwa maswali mengi. Alilala siku tatu kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Watu wakatusifu. Wakasema hawa kina mama wa Kiislamu wana huruma. Sisi nasi, Mungu atusamehe, tukazipenda sifa.

Mnaujua msemo wa wahenga kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya nne mgeni wetu aliamka mapema akafagia uwanja. Siku ya tano akafua. Wiki iliyofuata akawa anabaki na watoto tunapokwenda Bariadi kununua vitambaa. Hatukumwamuru hata siku moja. Yeye alifanya kwa sababu aliona haya kula bure, nasi tukanyamaza kwa sababu ilitufaa. Tulijaribu kumfundisha cherehani, lakini kwa macho yale uzi ulimshinda kuingia kwenye sindano, na baada ya wiki mbili tukaacha. Tukasema basi, tumejaribu, huyu ni wa kukaa nasi tu. Miezi ikawa minane.

Siku moja mama wa biharusi alikuja kuchukua gauni la mwanawe. Mayu akamletea maji ya kunywa, akaondoka na ndoo ya nguo chafu. Yule mama akatuuliza, kwa uzuri kabisa, kama mwanamke anavyomuuliza mwenzake bei ya samaki, "Huyu msaidizi wenu mnamlipa kiasi gani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.

Usiku ule hatukulala. Sisi tuliokuwa tunajiona tumetoa sadaka ya miezi minane, kumbe tulikuwa na deni la miezi minane. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mama huyu lilikuwa limekauka na kuloa upya kwa siku mia mbili na zaidi. Tulikuwa tumempa jembe kweli, lakini jembe letu, katika shamba letu, na mavuno yakawa yetu.

Tukakaa kupiga hesabu. Tukaona Sh 50,000 kwa mwezi ndiyo haki kwa kazi aliyofanya, maana yake Sh 400,000. Mmoja wetu, hatutasema nani, akasema tukate gharama za chakula na chumba. Mwingine akasema, chakula tulimpa akiwa mgeni, na Mtume (s.a.w.) amekemea vikali mtu kutoa kitu kisha akakirudia. Tukabishana mpaka adhana ya Alfajiri. Mwisho tukakubaliana kutokata hata senti. Fedha zote hatukuwa nazo, kwa hiyo tulilipa mara tatu, na awamu ya mwisho ikatoka kwenye kazi za harusi za Mfungo Mosi.

Tulipomwita tukamweleza, alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani mnanifukuza." Dada zetu, maneno hayo yalituuma kuliko lawama. Miezi minane ndani ya nyumba yetu, na bado kila tulipomwita alidhani siku ya kuondoka imefika. Tulikuwa tumempa paa, hatujampa utulivu, kwa sababu paa la mtu mwingine unaweza kuondolewa wakati wowote.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mtu wa Ansari katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Sunan Abu Dawud. Wanazuoni wamezungumza juu ya sanadi yake, lakini mafundisho yake wengi wetu tumeyasikia misikitini. Mtu yule alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume hakuanza kwa kumpa. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo nzito, nusu wanajifunika na nusu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi mwenyewe, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake. Akamwambia aende akakate kuni na auze, asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu akarudi na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Tuliisikia hadithi hii tangu madrasa, na siku zote tulidhani inawasema waombaji. Safari hii tukaona inamsema mtoaji. Mtoaji anatakiwa kuuliza kwanza mtu ana nini. Sisi hatukuwahi kuuliza. Tuliona mwanamke asiye na kitu, tukamwekea cherehani mbele, kwa sababu cherehani ndiyo tuliyokuwa nayo sisi. Tulitaka awe kama sisi, na aliposhindwa tukahesabu kuwa hawezi kitu.

Basi tukamuuliza, "Mayu, una nini?"

Akasema ana jembe aliloliacha kwa jirani, na chungu kikubwa. Na anajua kutengeneza michembe na matobolwa. Mmoja wetu hakuvijua vitu hivyo hata kwa jina. Ni viazi vitamu. Michembe huchomolewa maganda, hukatwa vipande vyembamba vibichi, huanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Wa Unguja fikirini makopa, lakini ya viazi vitamu. Hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ikipikwa na karanga, utamu wake usiulize. Wasukuma walikuwa wakiiweka akiba ya kiangazi tangu mababu. Na mama huyu, watu walituambia baadaye, alikuwa akisifika kijijini kwao kwa michembe safi isiyo na mchanga.

Tukamwambia, fedha zako ndizo mtaji wako. Akanunua viazi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Sisi tukamshonea mapazia ya chandarua ya kuanikia, inzi na vumbi visiguse. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya cherehani yetu katika habari hii.

Msidhani mambo yalinyooka. Alihitaji simu ili wateja wampate na walipe kwa simu. Kuwa na laini kunahitaji namba ya kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Yeye hakuwa na kitambulisho. Ili uanze kukiomba unahitaji barua ya utambulisho ya mahali unapoishi. Na mtu anayelala sokoni anaishi wapi? Hapo tukaelewa kuwa kukosa nyumba ni zaidi ya kunyeshewa na mvua. Usipokuwa na mahali, huna barua. Usipokuwa na barua, huna kitambulisho, na bila hicho huna laini wala huwezi kuingia kwenye kikundi kinachotambulika. Hata mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini hutambua kaya kupitia mkutano wa kijiji. Asiye na kaya nani atamtaja? Kile chumba cha uani, faida yake kubwa haikuwa kitanda. Ilikuwa kwamba mwenyekiti aliweza kuandika, "Anaishi hapa."

Tuliuliza pia kama kuna makazi ya serikali. Nyinyi wa Unguja mnayajua makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo. Kwa upande wetu yapo ya Kolandoto kule Shinyanga na Bukumbi kule Misungwi, mkoani Mwanza. Jirani zetu wa Mara wana nyumba salama za Mugumu na Butiama, lakini hizo zimeanzishwa kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Mgeni wetu si msichana. Na mzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Yeye alikuwa amepita hamsini kidogo. Ni mtu mzima, ana nguvu zake, na kwa sababu hiyo hasa hakuna mlango uliofunguka wenye jina lake. Wanawake wa umri huo, wajane na walioachwa, ndio wengi wanaolala kwenye vibaraza vya watu.

Kuhusu ardhi, ofisi ya kijiji ilituelekeza kwenye baraza la ardhi la kijiji ili kusuluhishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Tulikwenda naye mara nne. Mashemeji mwishowe walikubali alime sehemu ya shamba alilolima na mumewe. Nyumba hakuipata. Tunasema wazi ili msidhani hadithi za wema huisha zote kwa furaha kamili. Hata hivyo siku alipolichukua jembe lake kwa jirani, akalibeba begani kupita katikati ya soko alikokuwa akilala, sote tulilia.

Leo anapanga chumba chake mwenyewe. Anatuuzia michembe, na bei hatupunguzii hata kidogo. Tukimtembelea anatukaribisha kitini, anatuwekea maji, nasi tunakunywa tukiwa wageni.

Watu wengi hutuuliza, je, amesilimu? Hapana. Na hatukumlipa ili asilimu. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, aliambiwa amtendee wema. Na Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini. Tulimuuliza shekhe wetu kuhusu zaka. Akatuambia zaka ina wenyewe waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, msiichanganye, lakini sadaka mlango wake ni mpana. Na mshahara, akaongeza huku akitutazama, si zaka wala sadaka.

Kwa dada atakayejaliwa kumpokea mtu asiye na makao, haya ndiyo tuliyojifunza kwa makosa yetu:

Kwanza, omba ridhaa ya mumeo na linda stara ya wote. Chumba kiwe na mlango na komeo la ndani. Mtu aliyelala sokoni anahitaji komeo kuliko godoro.

Pili, toa taarifa kwa uongozi wa kitongoji au mtaa mapema, na umuone afisa ustawi wa jamii. Barua ya utambulisho iombe wiki ya kwanza, usingoje miezi kama sisi.

Tatu, kaeni mkubaliane mapema: hizi ni siku za ugeni, na kuanzia siku fulani ukifanya kazi yangu nitakulipa kiasi hiki. Iandikwe. Aya ya deni katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuamrisha kuandikiana.

Nne, muulize ana nini na anajua nini kabla hujamwamulia. Ukimpa mtaji uwe wake kweli, au uwe qardhi hasan usio na riba.

Tano, fedha zake zikae mkononi mwake. Kumtunzia mtu fedha bila yeye kukuomba ni namna nyingine ya kumfunga.

Na nyinyi biharusi wetu, tunajua mnasoma haya huku hina haijakauka mikononi. Hatutaki kuwatia hofu siku zenu za furaha. Lakini mgeni wetu naye aliwahi kuwa biharusi, akaimbiwa, akashangiliwa. Dini yetu imempa mjane fungu lake: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumni ikiwa ameacha. Lijueni fungu hilo, na jueni kiwanja mnachojengea kimeandikwa jina la nani. Ulizeni kwa adabu, ulizeni mapema, wakati mapenzi bado yanafanya maswali yawe mepesi. Na muingie na kazi ya mikono yenu, iwe sindano, iwe mapishi, iwe michembe. Mahari yenu ni yenu, msiyamalize yote kwenye shela. Hilo tunalisema sisi tunaoshona shela, mjue tunalisema kwa hasara yetu.

Mwenyezi Mungu atusamehe kwa siku tulizowatumia watu tukidhani tunawasaidia. Awajaalie makao wasio na makao, na atujaalie sisi tuwe wenyeji ambao mgeni wao huondoka akiwa na jembe lake mwenyewe begani. Amin.

Wassalaam alaykum, dada zenu wa Ngulyati.